College Scorecard: tafuta kwa kozi, usitafute kwa jina la chuo

Tovuti hii ya kulinganisha vyuo vya Marekani ni ya Wizara ya Elimu ya nchi hiyo. Ni bure na haidai kujisajili. Mwaka 2015 ilianza kuonyesha kipato cha waliosoma, lakini kwa namba moja ya chuo kizima. Mwaka 2019 ikaleta kipato kwa kila kozi, na hapo ndipo ilipoanza kufaa kweli.

Kwa hiyo ruka ile namba ya chuo. Hupimwa miaka 10 baada ya mtu kuingia chuoni, ikichanganya wauguzi, wachoraji, wahandisi na hata walioacha masomo njiani. Nenda moja kwa moja kwenye utafutaji wa kozi, chagua ngazi ya shahada, kisha panga vyuo kwa kipato. Namba unayoona ni ya mtu wa katikati, si wastani, hivyo milionea mmoja haiharibu.

Angalia nani kahesabiwa. Ni waliopata ruzuku au mkopo wa serikali kuu tu. Kwenye chuo ambako wazazi wengi hulipa taslimu, sehemu kubwa ya darasa haimo, na wanafunzi wa kigeni hawamo kabisa. Aliye bado masomoni wakati wa kupima naye huondolewa. Ndiyo maana biolojia huonekana dhaifu: wengi wa wale wazuri wako kwenye vyuo vya udaktari. Gharama za maisha nazo hazijarekebishwa. Mshahara wa San Francisco, jiji ghali, umeandikwa kama ulivyo.

Kosa linalowanasa wengi ni la misimbo, yaani namba zinazotambulisha kila aina ya kozi. Chuo kimoja huripoti sayansi ya kompyuta chini ya 11.07, kingine chini ya 11.01. Ukitafuta msimbo mmoja tu, vyuo vizuri vinapotea kimyakimya. Fungua yote miwili, na 14.09 ya uhandisi wa kompyuta kama inakuhusu.

Kiwango cha udahili ndicho kipengele dhaifu kuliko vyote. Ni cha chuo kizima, tena cha wanaoanza mwaka wa kwanza. Wanaohamia kutoka vyuo vingine hawamo. University of Washington na University of Illinois Urbana-Champaign huchuja waombaji wa sayansi ya kompyuta kivyao, na mlango huo ni mwembamba mno kuliko ule wa chuo. Ukiweka kiwango hicho kando ya mshahara wa kozi hiyo, unalinganisha watu tofauti.

Na hata namba zingelingana, ugumu wa kuingia hauthibitishi kwamba chuo ndicho kilicholeta mshahara. Mwaka 2002 watafiti Stacy Dale na Alan Krueger walilinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya aina moja lakini wakaenda kusoma kwingine. Faida ya kipato ya chuo kigumu kuingia karibu iliyeyuka, isipokuwa kwa wanaotoka familia za kipato cha chini.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondolewa na udahili usiogawanywa kwa kozi.

Ukipakua faili zima, udahili uko safu ya ADM_RATE na kipato cha chuo MD_EARN_WNE_P10. Ukikuta PS, kundi lilikuwa dogo na namba imefichwa kulinda faragha. Iache wazi. Ukijaza sifuri, kozi yenye wahitimu wachache itashuka hadi mkiani hata kama wanalipwa vizuri.