Gazeti, Krepe au Kaki: Karatasi Ipi Inafaa Kushonea Gomesi ya Jukwaani?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Leo ninachambua aina tatu za karatasi zinazopatikana kwa urahisi hapa Kampala, na swali langu ni moja tu: ni ipi inayoweza kushonwa ikawa gauni ambalo mtu atalivaa, akatembea, akacheza na kuketi bila kuchanika? Nimechagua gomesi, gauni la kitamaduni la wanawake wa Uganda, kwa sababu wengi wenu mnatengeneza mavazi ya maigizo ya shule, na pia kwa sababu vazi hili linaijaribu karatasi kila mahali: shingo ya mraba, mabega yaliyosimama kwa ncha, sketi pana inayofika miguuni, na mshipi mpana unaofungwa juu ya nyonga.

Gazeti sitalizungumzia sana. Nyuzi zake ni fupi, linachanika kwa jasho kidogo tu, na wino wake huhamia shingoni na mikononi mwa mvaaji. Lifae kwa kukatia vielelezo vya mikono na kifua, kisha liwekwe kando.

Karatasi ya krepe inavutia zaidi. Mikunjo yake midogo huifanya ivutike upande mmoja, hivyo inazunguka mwili vizuri kuliko karatasi yoyote bapa, na rangi zake zinaonekana hata kutoka viti vya nyuma ukumbini. Lakini rangi hiyo hiyo huchuja mara inapolowa. Katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, sithubutu kumvalisha mtoto gauni zima la krepe, kwa maana manyunyu machache kati ya gari na ukumbi yanatosha kuhamishia rangi nyekundu kwenye shati jeupe la ndani. Kwa mshipi na maua, hata hivyo, sijaona karatasi inayoishinda.

Sasa tuje kwenye kaki, ile karatasi ya kahawia ambayo wazazi hujalidia madaftari. Uimara wake unatokana na nyuzi ndefu za mbao, na ndiyo sababu karatasi ya jamii hii hutumika kutengenezea mifuko ya saruji. Ikitoka dukani ni ngumu na ina kelele. Mvaaji akiinua mkono, ukumbi wote unasikia. Dawa yake ni subira: ifinyange mpaka iwe donge, ikunjue, ifinyange tena, na urudie mpaka ilegee mkononi na ile kelele ipungue. Ipige pasi ya moto wa wastani bila mvuke, nawe utapata kitu kinachoning'inia na kufuata mwili badala ya kusimama kama boksi.

Tazameni pia rangi na mguso wake baada ya kazi hiyo, kwani inakaribia sana olubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba ambacho mafundi wa Buganda hukiponda kwa nyundo za mbao, na ambacho UNESCO ilikitangaza kuwa urithi mwaka 2005. Olubugo haufumwi, nguvu yake iko katika nyuzi za gome lenyewe, na umevaliwa kwa karne nyingi. Ninaposikia watu wakisema kwamba nguo lazima itokane na uzi uliofumwa, huwa ninawaonyesha olubugo kwanza.

Hata hivyo, kaki pekee haitoshi. Nguo za karatasi ambazo kampuni ya Scott Paper iliziuza Marekani mwaka 1966, kwa dola 1.25 kila moja, ziliimarishwa kwa wavu wa nyuzi ndani ya karatasi. Nasi tufanye vivyo hivyo kwenye makwapa, kiunoni na sehemu ya kukalia, kwa kubandika ndani kitambaa chepesi cha pamba kwa gundi ya unga wa muhogo iliyopikwa ikawa nyepesi. Iache ikauke kabisa kabla ya kushona, na ukate kwapa pana kuliko la nguo ya kawaida, kwa sababu kaki haivutiki. Kwenye cherehani, weka hatua ndefu, yapata milimita 4. Hatua fupi hutoboa matundu yaliyokaribiana mno, na mshono wenyewe unageuka kuwa mstari wa kuchania.

Mabega ndiyo sehemu ambako kaki inaipita hata hariri. Ikunje mara mbili, bonyeza mkunjo kwa ukucha, na ncha itasimama onyesho zima.

Nawaomba kwa dhati msipake vanishi gauni zima ili lizuie maji. Vanishi inafaa kwa shanga za karatasi, ambazo kina mama wengi nchini huzitengeneza kwa ustadi mkubwa, lakini kwenye gauni hukausha mikunjo ikakatika. Vilevile, mvaaji asikaribie mshumaa wala jiko, na ndani avae nguo ya pamba.

Vifungo viwili vya upande wa kushoto vitengenezeni kwa shanga hizo kama pambo tu. Chini yake shoneni tepu ya kunata (velkro) juu ya kipande cha kitambaa cha pamba, ili mvaaji aweze kulivua gauni haraka bila kuvuta karatasi.