Kikohozi changu kilitoka sikioni: uzoefu wangu na kliniki moja ya Mombasa

Nawaandikia wenzangu ambao kikohozi kimewaganda na kila kipimo kinarudi safi. Changu kilikuwa kikavu, hakina homa wala makohozi, na kilizidi nikilalia ubavu wa kulia. Nilianza kwa kupimwa kifua kikuu, na kila mwenye kikohozi kisichoisha aanzie hapo. Vituo vya serikali havitozi kipimo hicho. Sikuwa na kifua kikuu. Picha ya kifua nayo haikuonyesha kitu. Habasoda na asali nimekula hadi nikakinai.

Mwishowe nikaelekezwa kliniki ya masikio, pua na koo hapa kisiwani. Daktari hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza kama natumia dawa za presha, kwani enalapril na jamii yake huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, pengine miezi baada ya kuzianza. (Mwenye kuzitumia asiziache mwenyewe, amwone daktari abadilishiwe.) Akauliza kiungulia. Akauliza kama niliwahi kupaliwa na mwiba au kokwa, maana kitu kidogo kikiingia njia ya hewa huweza kukaa humo hata mtu akasahau. Kisha likaja swali ambalo sikuwahi kuulizwa na yeyote:

"Mama, ukichokoa sikio, hukohoi?"

Nakohoa! Tangu utotoni.

Akachungulia. Sikio la kulia lilijaa nta ngumu, na unywele mfupi umelalia kiwambo. Akanieleza kwamba ndani ya mfereji wa sikio hupita tawi la neva ya vagasi, neva ile ile inayopeleka habari za koo na mapafu kwenye ubongo. Tawi hilo huitwa neva ya Arnold, kwa jina la Mjerumani Friedrich Arnold. Kwa watu wachache, likiguswa, mwili hukohoa kana kwamba koo ndilo linalowasha.

Nilipewa matone ya kulainisha nta, na niliporudi akaivuta kwa mrija mwembamba huku akitazama kwa darubini. Sikuumia, ila kizunguzungu kidogo. Alipougusa ule unywele nilikohoa mfululizo, ukatoka, na siku chache baadaye nikawa nalala usiku kucha, alhamdulillahi.

Kasoro ipo: foleni ni ndefu, na ada ya kusafisha sikio hutozwa mbali na ya kumwona daktari, nawe huambiwi mpaka ufike dirishani. Ulizeni mapema, na mwende asubuhi. Kwa maswali yale ya daktari, mimi ningelipa tena.