Git na alama za mwisho wa mstari: .gitattributes imetuokoa

Natumia Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, kila siku ya kazi, na kilichonisumbua kuliko vyote ni kitu kisichoonekana kwa macho: alama ya mwisho wa mstari. Linux huweka herufi moja, LF. Windows huweka mbili, CR kisha LF.

Mimi niko Ubuntu, aina ya Linux, mwenzangu yuko Windows. Siku moja alirekebisha mstari mmoja tu, lakini git diff, amri ya kuonyesha kilichobadilika, ikanionyesha faili zima limegeuka, mistari zaidi ya mia tisa. Utahakikije kazi ya namna hiyo? Wiki ileile skripti ya kuwasha seva ikagoma:

/bin/bash^M: bad interpreter

Hiyo ^M ndiyo CR, imeng'ang'ania mwisho wa mstari wa kwanza, na Linux inaihesabu kuwa sehemu ya jina la programu. Nilifungua skripti kwa cat -A, inayoonyesha herufi zilizofichika, nikaikuta ^M kwenye kila mstari.

Tulianza na core.autocrlf, mpangilio wa Git wa kubadili alama hizi. Ukiiweka true, Git hugeuza CRLF kuwa LF unapoingiza kazi, na kukurudishia CRLF unapoitoa. Inafanya kazi vizuri, ila ni mpangilio wa kompyuta ya mtu mmoja. Mwenzangu alikuwa ameizima, kihariri chake kinahifadhi CRLF, na hakuna aliyekuwa na habari.

Dawa tuliipata kwenye .gitattributes, faili la kanuni za Git, kwa sababu inakaa ndani ya repo (hazina ya mradi) na kila anayeichukua repo anaichukua nayo. Yetu ni mistari mitatu:

* text=auto
*.sh text eol=lf
*.png binary

Huo wa pili msiuache, ndio unaolinda skripti hata zikipitia Windows. Baada ya hapo tukaendesha git add --renormalize . ili kanuni hizo zifike kwenye faili zilizokuwamo tayari, na kufanya komiti (hifadhi ya mabadiliko) moja ya usafi, bila kuichanganya na kazi nyingine yoyote.

Kero iliyobaki ni kwamba git blame, amri ya kuonyesha nani aliandika kila mstari, ilianza kuonyesha jina langu karibu kila mstari. Ukiongeza -w inaruka mabadiliko ya aina hiyo na kukupa mwandishi halisi. Natamani sana Git ingepanga haya yenyewe tangu repo inapoanzishwa. Anayeanza hawezi kuyabahatisha.

Kabla hujagusa chochote, endesha git ls-files --eol. Safu ya kwanza ni kilichohifadhiwa ndani ya Git, ya pili ni kilichopo kwenye folda yako. Kwetu sasa, kila faili la maandishi linasoma i/lf, yaani LF ndani ya Git.