Propela ya kuongeza kasi: pima mapanga, namba usiiamini

Nilinunua propela namba 26 kwa furaha ya mtu aliyeona kitonga. Boti yangu ilikuwa inakwenda kilomita 112 kwa saa kwa namba 24, injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na muuzaji akaniapia kuwa inchi mbili za ziada zitanisahaulisha nilikotoka. Siku ya kwanza majini nikasukuma wenzo mpaka mwisho. Sakafu ikaanza kutetema chini ya nyayo, chupa ya maji ikaruka kutoka kwenye kishikio, GPS ikagoma kwenye 106. Geji ya mizunguko ilisoma 5,500. Nimetoa pesa nzuri ili nipunguze mwendo.

Tangu niligusie jambo hili, wasomaji wameniandikia malalamiko yaleyale: namba imepanda, kasi imeshuka. Kwa hiyo leo sitagusa kipenyo, wala kung'aa, wala kama kitovu chake kinaingia kwenye shafti yako. Hayo yako kwenye kila orodha ya muuzaji.

Namba iliyogongwa kwenye kitovu ni pichi, yaani inchi ambazo propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skrubu. Gawa mizunguko ya injini kwa uwiano wa gia, zidisha kwa pichi, utapata kasi ya kwenye karatasi. Gia yangu ni 1.75 kwa 1. Namba 24 kwa mizunguko 6,000 inatoa kilomita 125 kwa saa. Nilikuwa napata 112, maana propela inateleza kama asilimia 11. Namba 26 kwa mizunguko 5,500 inatoa 124 na nusu. Yaani hata kwenye karatasi sikuongeza kitu, na kuteleza kukafika asilimia 15.

Inchi moja ya pichi kwa kawaida hula mizunguko 150 hadi 200. Nilikuwa tayari kupoteza 400. Nilipoteza 500, na hiyo mia moja ya juu ndiyo iliyoninyima usingizi, pamoja na ule mtetemo.

Fundi wa propela aliilaza mezani uso juu, akachora alama inchi 5 kutoka katikati kwenye kila panga, akaweka kipima nyuzi juu ya alama moja baada ya nyingine. Mapanga matatu yalisoma nyuzi 39 na nusu. La nne, 37 na nusu. Kwa umbali huo kutoka katikati, inchi moja ya pichi ni kama nyuzi moja tu, jicho haliwezi kuiona. Nilikuwa na mapanga matatu ya namba 26 na moja la 24, yote kwenye kitovu kimoja, yakivutana kama ng'ombe wasiozoeana kwenye plau. Hiyo haikuwa propela iliyogonga mwamba. Ilitoka kwenye boksi na mafuta yake.

Kipimo hiki unaweza kukifanya mwenyewe, hata kwa simu yenye kipima nyuzi. Usihangaike kulinganisha na namba ya kitovuni, kwa sababu propela nyingi za kasi zina pichi inayopanda kuelekea ukingo wa nyuma. Linganisha panga na panga, mahali palepale. Kisha ifunge kwenye shafti, simamisha penseli karibu na ncha ya panga moja, izungushe kwa mkono, injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwako. Ncha zote zipite umbali uleule. Tofauti ikionekana kwa macho, irudishe kabla haijalowa.

Sasa mpangilio wangu.

Juu kabisa, na sifichi mapenzi yangu, ni Bravo I ya Mercury Racing, hasa ile ya daraja wanaloliita Lab Finished. Ni chuma cha pua, mapanga manne, na kwenye daraja hilo mapanga hupunguzwa unene na kusawazishwa kwa mkono. Hapo ndipo pesa yako inapokwenda, si kwenye jina. Inainua makalio ya boti nzito na inashika maji hata ukiweka trimu, yaani mwinamo wa injini, juu. Nimeambiwa mara nyingi kuwa kwenye boti nyepesi mapanga matatu hushinda kwa kilomita mbili tatu. Inawezekana. Ila kwenye mawimbi mapanga matatu huachia maji, injini ikapiga kelele, ukapunguza wenzo, na zile kilomita tatu zikaenda na maji. Onyo moja: panga jembamba halina msamaha kwa gogo linaloelea.

Nafasi ya pili ni chuma cha pua kilichotumika, kisha moja kwa moja kwa fundi. Chuma hiki kinapindika na kurudishwa, na fundi anaweza kukunja kidogo ukingo wa nyuma wa panga, mkunjo unaofanya kazi karibu sawa na inchi moja ya pichi. Mimi namba 26 yangu sasa ni 24 na mkunjo. Inatoa 115.

Ya tatu si propela: ni bamba la kuinulia injini. Ukipandisha ile sehemu ya chini ya injini yenye gia na propela, chuma kinachoburuzwa majini kinapungua. Panda kidogo kidogo, jicho likiwa kwenye geji ya presha ya maji ya kupoza. Ikianza kuanguka, umepita.

Wanaokuuzia programu ya kuongeza nguvu ya injini wana lugha tamu kuliko wote. Kwa kanuni ya Crouch, kasi ya boti inayoteleza juu ya maji hufuata kipeuo cha pili cha nguvu kugawa kwa uzito. Kupata asilimia 10 ya kasi unahitaji asilimia 21 ya nguvu: kutoka farasi 300 hadi 363. Wakati huohuo lita 200 za petroli usizozihitaji ni karibu kilo 150, na kwa boti ya kilo 2,000, kuziacha nchi kavu ni kama asilimia 4 ya kasi, bure.

Alumini? Inajipinda ikibanwa na nguvu nyingi. Weka moja ya akiba ndani ya boti.

Na chochote utakachonunua, hakikisha injini inafika kwenye mizunguko iliyoandikwa na kiwanda chake. Injini inayobanwa chini ya hapo hupata joto na huumia kimyakimya.

Kabla ya kulipa, omba vipimo vya kila panga kwa maandishi. Mimi nilipoirudisha yangu, muuzaji aliigeuza mara moja, akaona tone la chumvi kwenye kitovu, akasema iliyolowa hairudi. Nikamwuliza ningeijaribuje bila kuilowesha. Akanionyesha namba 28.