Uzoefu wangu: miezi sita ya mafunzo ya ujenzi kata kwetu, Mwanza

Habari zenu ndugu zangu. Wadogo zangu wa mtaani wananiuliza kila siku, dada yale mafunzo ya ujenzi yana maana au ni kupotezeana muda tu, sasa naandika mara moja nisiwe narudia rudia. Jina la mradi silitaji, kuna mambo nitayalalamikia na sitaki iwe kesi, we elewa tu ni yale mafunzo ya vijana wa mazingira magumu, yanatangazwa kupitia ofisi ya kata, hulipi ada, mnasomea hapo hapo mtaani na mnajenga kitu cha kweli cha jamii. Mi nlisoma 2023.

Kwanza mjue natokea wapi. Sisi ni watu wa mlimani, Mwanza wanaijua, nyumba zimekaa juu ya mawe na ngazi za kupanda mpaka unahema. Mama yangu anagonga kokoto toka nikiwa mdogo, anauza kwa ndoo. Nlivyomaliza form four matokeo hayakuwa mazuri, hela ya kurudia hakuna, nikaingia saiti kama saidia fundi, na kwa binti saidia fundi maana yake ni maji. Ndoo kichwani unapanda nayo mlima asubuhi mpaka jioni. Miaka mitatu hiyo. Naijua harufu ya simenti, najua fundi akinyoosha mkono anataka mwiko au anataka kamba, ila ukiniuliza pembe ya nyumba inapatikanaje sijui kabisa, na sababu ni kwamba siku ya kuseti jengo, yaani kupima na kuvuta kamba za msingi kabla ya kuchimba, fundi alikuwa ananituma maji. Kila saiti ilikuwa hivyo hivyo. Nikirudi mambo, yaani vigingi, zimeshapigwa, kamba zimeshavutwa, mi nakuta watu wanachimba. Mwanzo nlidhani ni bahati mbaya, baadae nikaelewa ni makusudi, mafundi wengi wa mtaani kuseti ndo siri yao, akishakuonyesha anaona kesho utamchukulia kazi.

Sasa wiki ya kwanza ya mafunzo mwalimu katukusanya kwenye kiwanja, tuko ishirini na nne, wasichana saba, katoa kamba na futi kamba, akasema leo tunaanza na kitu ambacho mafundi wenu waliwaficha. Nlishtuka kama kaniona mi. Kumbe jambo lenyewe ni dogo, unapima 3 upande huu, 4 upande ule, ukipima mkato kutoka ncha hadi ncha ukapata 5 kamili basi pembe yako imekaa mraba, iwe futi iwe mita ni sawa tu, na ukitumia mita unapata uhakika zaidi maana ukikosea kidogo kwenye urefu mkubwa inaonekana. Mchana ule ule kila mtu aliseti chumba chake kwa zamu huku wengine wanamkosoa. Nlirudi nyumbani nikamsimulia mama, nikamuonyesha kwa uzi wa kushonea pale sakafuni. Miaka mitatu kwa kitu cha mchana mmoja! Niliumia kwa kweli, ila pia niliwaza ni vijana wangapi bado wanabeba maji hivyo hivyo.

Kitu cha pili ambacho kwangu kinatosha kuipa hii kozi alama za juu ni maji yenyewe. Kule saiti nlikuwa natumwa nimwagilie lenta (ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha) na jamvi la zege la sakafu, siku mbili tatu halafu fundi anasema inatosha, na mwenye nyumba akisafiri ndo hatumwagilii kabisa. Mi nlidhani tunapoza tu joto. Darasani mwalimu akaeleza kwamba simenti haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kunywa maji, na inaendelea kuyahitaji siku nyingi baada ya kumwagwa, kwa hiyo zege likikauka mapema linaachia njiani halifiki kwenye nguvu yake. Angalau siku 7 usiliache likauke, na nguvu zake wanazihesabia siku ya 28. Afu upande wa pili, maji yakizidi wakati wa kuchanganya yanaharibu, na hapo ndo mafundi wetu wanapokosea sana, zege likiwa zito kusukuma na chepe wanaongeza ndoo nyingine ili liteleze. Tulipima kwa ile koni ya bati yenye urefu wa sm 30, unajaza zege kwa awamu unashindilia, unaivua taratibu unaangalia zege limeshuka kiasi gani. Nikakumbuka ndoo zote nlizopanda nazo mlimani, yaani maji nlikuwa nayabeba mimi lakini hakuna aliyewahi kuniambia yanafanya kazi gani.

Vipimo vya kuchanganya navyo tulifundishwa kwa boksi la mbao la lita 35 hivi, ambalo linalingana na mfuko mmoja wa simenti wa kilo 50. Zege la 1:2:4 maana yake mfuko mmoja, maboksi mawili ya mchanga, manne ya kokoto, siyo toroli la kukadiria kwa macho. Nondo hazilali chini kwenye ubao, unaziwekea biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuziinua, ili zege lizizunguke pande zote, la sivyo kutu inaingia na baada ya miaka unaona lenta inapasuka kwa chini. Tofali za nchi 6 unahesabu 10 kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta, hapo na za kuvunjika umeziweka, kwa hiyo mtu akinionyesha ukuta wake sasa hivi namwambia idadi palepale hajamaliza hata kuongea.

Kwa sisi wa milimani kulikuwa na somo ambalo naomba kila anayejenga Mwanza alisikie. Siyo kila jiwe ni mwamba. Kuna jiwe kubwa kama nyumba lakini limekaa juu ya udongo tu, mvua zikila udongo chini yake linatembea, na wewe umeshaweka kona ya nyumba juu yake. Tulifundishwa kuchimba pembeni mpaka ujue linaishia wapi. Ukikuta mwamba kweli, unausafisha unauparua ndo unamwaga zege, na msingi kwenye mteremko unakatwa kwa ngazi, kila ngazi imelala sawa, hauufuati mlima ulivyo. Usawa tunapima kwa mpira mweupe wenye maji, na mpira ukiwa na povu la hewa ndani unakudanganya, lazima ulitoe kwanza. Hili la povu limeshaniokoa mara mbili.

Jengo tulilojifunzia ni matundu ya vyoo ya shule ya msingi ya hapa hapa kwetu. Utaratibu wa serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, shule yetu ilikuwa mbali sana na hapo, na mwenyekiti wa mtaa akatangaza wananchi watoe nguvu zao, mawe, mchanga, maji. Mama yangu alitoa kokoto. Mwalimu akazishika akasema hizi za kugonga zina kona kali zinashikana vizuri kuliko mawe ya mviringo, ila zimechanganyika kubwa na ndogo na vumbi limejaa, vumbi linakula simenti. Mama alisikiliza mwenyewe amesimama pale. Toka siku hiyo anachekecha anatenga saizi, na bei yake imepanda kidogo maana mafundi wanaojielewa wanazifata.

Nikiulizwa faida kubwa ya kusomea mtaani naitaja hii hapa. Tukiwa kozi ya tano ya ukuta, yaani mstari wa tano wa tofali, mwalimu akashusha timazi, ukuta umelala. Akatuambia bomoeni kozi tatu. Wazazi walikuwepo pale wanaleta maji, wengine wakaguna, tofali zenyewe zimetokana na michango, kijana mwenzetu mmoja akataka kugoma kabisa. Tukabomoa, tukasafisha tofali, tukajenga upya. Mi niliona aibu nikajua mtaa mzima utatudharau. Kumbe mteja wangu wa kwanza baada ya kumaliza ni mama mmoja kati ya wale waliokuwa wanaleta maji, kaja kupigiwa lipu vyumba viwili, akaniambia, "Mwanangu mi nawaamini, niliwaona mnabomoa wenyewe." Cheti hakuniuliza, wala hakusema we mwanamke utaweza. Chuo cha mbali kingenipa cheti lakini kisingenipa yule mama.

Sasa na mabaya niyaseme. Vifaa ni tatizo kubwa. Tuliambiwa kila mtu atamaliza na boksi lake la vifaa, mwisho wa siku tukapewa seti moja kwa watu watano. Fikiria fundi watano na pima maji moja, mmoja akipata kazi Buhongwa na mwingine Igoma nani anaenda nayo? Kikundi chetu kiligombana kwa ajili hiyo na wawili wakajitoa. Hela ya chakula na nauli ilichelewa karibia miezi miwili, na hapo ndo wenzetu walipukutika, maana mtu anayetegemewa nyumbani hawezi kukaa anajifunza kwa njaa wakati kibarua cha siku kipo. Tulianza ishirini na nne tukamaliza kumi na sita. Wasichana tulibaki wanne, na mmoja aliondoka kwa sababu hakuna wa kumwachia mtoto, siyo kwamba alishindwa kazi, alikuwa anapanga tofali vizuri kunizidi. Wangetenga hata chumba kimoja pale shuleni na mama mmoja wa kuangalia watoto asingeondoka. Buti na glavu nazo zililetwa saizi za wanaume tupu, ukipanda kwenye mirunda na buti inayokuvuka mguuni ni hatari, mimi nlijaza soksi tatu.

Halafu cheti. Hiki tulichopewa ni cha kuhudhuria tu, na hakuna aliyetuambia mapema. Ukitaka kinachotambulika unaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwenye ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, wanakuhoji, wanakupima kwa vitendo, kama uko vizuri wanakupa. Mimi nlienda mwaka uliofuata, na nawaambia kweli picha za vyoo tulivyojenga na za lipu nlizopiga zilinisaidia kujieleza, kwa hiyo piga picha za kila hatua ya kazi yako, tena ukiwemo na wewe. Mradi wangetupeleka wote pamoja pale mwisho ingekuwa rahisi zaidi, wenzangu wengi mpaka leo hawajaenda.

Mtaji nao tulikosa bahati. Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, yaani 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba na unafaa kabisa kwa kikundi cha mafundi, lakini mwaka 2023 ulikuwa umesitishwa nchi nzima, umekuja kurudishwa 2024 na kipindi hicho kikundi chetu kimeshatawanyika. Tumejikusanya upya sasa tuko sita, tunataka mashine ya tofali. Kazi za serikali kwa mafundi wa kawaida zipo kupitia force account, yaani ofisi au shule inasimamia ujenzi yenyewe na kuchukua mafundi moja kwa moja bila mkandarasi, ndo njia iliyojenga madarasa mengi nchi hii, ila siku hizi lazima ujisajili kwenye mfumo wa manunuzi wa NeST, na hili pia halikuwemo kwenye masomo. Saa mbili tu za kutuelekeza zingetosha.

Nimeshafanya kazi kumi na moja mpaka leo, nyingi lipu na sakafu, msingi miwili. Kwenye msingi wa pili nlikuwa na mdogo wetu mmoja ananisaidia, siku ya kuseti akachukua ndoo aende maji kama alivyozoea kwa mafundi wengine. Nikamwambia weka ndoo chini, shika kamba hiyo. Maji tulifata wote baadae.

Kwa hiyo ndiyo, nenda, mi nisingekuwa hapa bila yale mafunzo na ukiniambia nirudie narudia. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu akwambie kama kuna awamu inakuja, chukua kitambulisho na barua ya mtaa. Siku ya kwanza kabla hujaandika jina uliza mbele za watu, vifaa ni vya mtu mmoja mmoja au vya kikundi, hela ya chakula inatoka kila wiki au mwisho wa mwezi, na cheti kinatolewa na nani. Wakikujibu waambie waandike.