Fundi wa Ngamiani aliyeniuliza "sikukuu yako tarehe ngapi?"

Jamani wana Tanga naandika hii mapema kabla Desemba haijachanganya, maana najua kuna mtu saa hizi ana kitenge kabatini hajui akipeleke kwa nani.

Mwaka juzi nililia. Nilimpa fundi mmoja (simtaji) kitambaa changu na cha wanangu wawili, nikatanguliza nusu, kila nikienda njoo kesho, njoo kesho, tarehe 24 usiku nakuta pamefungwa na simu haipokelewi. Watoto wakaenda kanisani na nguo za Pasaka, yule mkubwa gauni limeshampanda juu ya magoti, akawa anavuta pindo ibada nzima. Kwa mtoto wa miaka 8 nguo mpya ndo Krismasi yenyewe, sio kitu kidogo.

Basi mwaka jana shoga yangu akanielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani, anashonea kibarazani, ana cherehani mbili, moja ya umeme na moja ya kukanyaga. Nikampa shikamoo, nikatoa kitambaa, nikamwambia cha sikukuu. Akapandisha miwani, "Sikukuu yako tarehe ngapi mwanangu?" Nikashangaa, si Krismasi baba? Akafungua daftari. Kuna Mchagga sikukuu yake imeandikwa 20, sababu siku hiyo anapanda basi stendi ya Kange kwenda Moshi, nguo ikiisha tarehe 23 kwake ni kama haijashonwa. Kwaya wameandikiwa 21 ili wazivae kwanza mazoezini. Kuna bibi harusi Mwislamu na madera ya sare ya mashoga zake 14, yeye Desemba ni kwamba shule zimefungwa, ndugu wa Dar na Mombasa wanapatikana wote, ndo maana anaolewa mwezi huo. Na kuna kijana mlinzi, suruali moja ya kupunguza kiuno, hana haraka, tarehe 25 na 26 yupo lindoni, sikukuu yake ni Januari akipewa ruhusa aende kwao. Huyu ndo alinigusa zaidi, sijui kwanini.

Mzee mwenyewe ni Mwislamu, kumi la mwisho la Ramadhani ndo hapati usingizi kabisa kwa kanzu na nguo za watoto. Akanambia mwaka 2000 Krismasi na Idi zilifuatana siku chache tu, alilala chini ya meza ya kukatia. Na vile Idi inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, yeye kalenda ya ukutani haifuati, anamuuliza mtu.

Yangu nilisema 25, akaandika 23, kwamba siku mbili ni za kurekebisha. Nikaenda hiyo 23 na watoto, kweli nguo zipo, zimepigwa pasi. La mdogo bega lilikuwa pana, akapiga chaki, akabana pini, umeme ukakatika hapo hapo, akahamia ile ya kukanyaga, dakika 20 tukaondoka nalo.

Bei: gauni langu lenye bitana 30,000, ya watoto 12,000 kila moja. Kuna wa bei ya chini ila mi nalipa tu. Kasoro zipo, ikifika tarehe 10 Desemba hapokei tena kazi hata umlilie, akiwa kwenye cherehani simu hashiki, na kioo ni kidogo cha kuonea uso tu, mgongoni inabidi mtu akuangalizie. Benchi ni moja, nendeni asubuhi.

Kitu kimoja hakunambia nikaja kukiona nyumbani wakati nafua. Gauni la mkubwa kwenye pindo amekunjia ndani kitambaa cha vidole vinne, kashona kwa mkono nyuzi ndefu ndefu ili ifumuke kirahisi. Juzi nimeifumua, nikapiga pasi, akavaa. Limemfika chini ya magoti vizuri kabisa.