KSPCA Karen walivyonisaidia nibaki na mbwa wangu

Watu wengi hapa Nairobi wakisikia KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama la Langata Road pale Karen, wanafikiria ni mahali unapeleka mbwa ukishindwa naye, unamwacha hapo unarudi kwako. Mimi nilifika hapo juu mwenye ploti alikuwa amesema ama mbwa ama mimi. Chichi alikuwa amezaa tena, watoto sita chini ya ngazi, na kila akija joto madume wa mtaa mzima wanalala getini wakibweka mpaka asubuhi, majirani wamechoka na siwalaumu hata kidogo.

Sasa kilichonifurahisha ni kwamba hawakukimbilia kumchukua. Dada wa mapokezi aliniketisha akaanza kuuliza, mbwa anauma? anakula nini? alichanjwa lini? shida ni yeye ama ni hao madume na watoto? Hilo la mwisho ndilo lilibadilisha mambo yote, juu Chichi mwenyewe hana neno, anajua watoto wote wa ploti na usiku hakuna mgeni anapita hapo kimya kimya. Akaniambia basi huyu si wa kuhama, huyu atolewe kizazi, watoto wakishaacha kunyonya na kukomaa kidogo niwalete watafutiwe nyumba, mama abaki.

Na ikawa hivyo. Siku ya operesheni usimpe chakula tangu usiku, hiyo waliisisitiza sana. Alirudi kwangu na tumbo limenyolewa na mshono mfupi katikati, na ile kola ya plastiki shingoni asijilambe, akawa anagonga kila beseni ya nyumba. Daktari alinieleza pole pole bila haraka, kwamba mbwa jike huja joto kama mara mbili kwa mwaka na mimba yake ni kama miezi miwili tu, kwa hivyo hesabu ya watoto inapanda haraka sana, na pia kutoa kizazi kunamkinga na usaha wa kizazi ambao unaua majike wengi wakizeeka. Mimi hiyo ya usaha sikuwa nimewahi kuisikia popote.

Akachanjwa pia kichaa cha mbwa nikapewa kadi. Mwenye ploti aliishika akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza kama ni ya ukweli, halafu akaanza kupoa, kumbe woga wake mkubwa ulikuwa mtoto wa mtu kuumwa. Na ana haki, watu karibu wote wanaokufa na huo ugonjwa wameupata kwa mbwa, na dalili zikishatokea hakuna dawa. (Ukiumwa osha kidonda na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali mbio, hata kama mbwa ni wa jirani unayemjua.)

Nilipowapeleka watoto nikakuta familia imekuja kuchukua mbwa, wanaulizwa kama geti inafungika na nani atabaki nyumbani mchana. Nilitulia moyo kabisa.

Kwangu mimi hii ndiyo kazi yenye maana zaidi wanafanya. Wako tangu 1910, wanapokea mbwa, paka mpaka punda, na nafasi haiwezi kutosha wote. Mbwa mwenye kwao akisaidiwa akae kwao, nafasi inabaki ya yule amegongwa na gari ama ametupwa barabarani.

Kitu kimoja tu, sisi wa Eastlands ni mbali, makanga hawataki mbwa kwa matatu na teksi ya kwenda na kurudi Karen ni pesa nyingi. Kama kuna mtu anajua siku za kutoa kizazi na chanjo zinapangwa huku Kayole ama Umoja aniambie, kwa ploti yetu peke yake kuna majike wengine wanangoja na wenyewe wako tayari kuchanga.